Wale watoto wa paka, kabla hamjagombana

Wadau mambo, naona picha nilizoweka za watoto wa paka ninaowatoa zimewachanganya, kila mtu "wangu huyo wangu huyo", ila tuelewane kwanza. Hawatoki kwa mama yao kabla ya wiki 8, zikifika 12 ndo poa zaidi, maana hapo ndo wanajifunza kucheza bila kung'ata kwa nguvu na kujisaidia kwenye mchanga. Saa hizi bado wananyonya, yule mweusi mwenye miguu myeupe analala juu ya kichwa cha mwenzake na mwenzake wala hajali 😂

Anayemtaka kweli anicheki inboksi, aniambie kama nyumbani kuna mbwa au mtoto mdogo, na akisafiri nani anabaki na paka. Sio upelelezi jamani, paka anaweza kuishi miaka 15 na zaidi. Wa kumpa mtu sapraizi hapana, simtoi. Wakienda wawili pamoja ntafurahi sana.

Maziwa ya ng'ombe msiwape, wengi yanawaharisha. Na kufunga kizazi ni lazima, jike wa miezi 4 tu anaweza kushika mimba, tutajikuta hapa hapa tena. Vet akishawacheki na kuwapa dawa ya minyoo ntawaambia.