Muvi za mapenzi za vijana: mwisho tunaujua na bado tunaangalia

Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu yule msomaji aliyeandika kwamba muvi za mapenzi za wanafunzi ni upuuzi mtupu kwa sababu hata mtoto wa darasa la pili anajua zitaishaje. Mi ni msusi, saluni yangu iko Majengo hapa Moshi, tivii iko ukutani inawaka toka nafungua mpaka nafunga, na mtu anayesuka rasta ndogo anakaa kwenye kiti masaa hata matano, kwa hiyo maoni ya watazamaji mi nayasikia live, tena bila adabu.

Juzi niliweka The Kissing Booth, ile ya Netflix ya 2018. Kwa wasioijua, Elle na Lee ni marafiki wa toka nitoke, walizaliwa siku moja, mama zao walikuwa mashosti, na wamejiwekea sheria zao za urafiki, mojawapo inasema ndugu wa rafiki yako ni marufuku. Halafu Lee ana kaka, anaitwa Noah, mrefu, mtata, ana pikipiki. Haya sasa. Mteja wangu mmoja nusu ya kichwa imesukwa nusu nywele zimesimama wima, muvi hata haijachanganya, akasema huyo wa pikipiki ndo stelingi. Baadaye Noah kampakia Elle kwenye hiyo pikipiki, yule binti anayejifunza kazi kwangu akasema dada hapa lazima mvua inyeshe. Ikanyesha! Saluni nzima tulipiga kelele mpaka fundi viatu wa nje akachungulia akidhani kuna mtu kaunguzwa na draya.

Hiyo kelele ndo utamu wenyewe ambao huyo msomaji hajauelewa, labda kwa vile anaangalia peke yake. Hata harusini tunajua bwana harusi atasema ndiyo na bado mchango tunatoa na sare tunashona. Kuna mwalimu mstaafu huwa anakuja kupaka rangi nywele, akatukumbusha Mabepari wa Venisi, ile tamthilia ya Shakespeare ambayo Mwalimu Nyerere aliitafsiri ikatoka 1969, mle kuna binti tajiri na visanduku vitatu, dhahabu, fedha na risasi, wachumba wanapita mmoja mmoja wanakosea, na kila msomaji anajua kijana anayependwa atachagua cha risasi. Akauliza, mbona hiyo hamuiiti upuuzi? Tukanyamaza, maana wengi hatujaisoma, lakini hoja ameipiga.

Kwa hiyo kama ni kulalamika mi nitalalamikia kitu kingine kabisa. Mwanzoni mle Elle anachanika suruali ya sare, anavaa sketi ya zamani ambayo imekuwa fupi, anaingia nayo shule, mvulana mmoja anamshika makalio mbele za watu. Noah anarusha ngumi. Wanapewa adhabu, na huyo huyo aliyemshika anamuomba Elle watoke naye na Elle anakubali, eti ni kichekesho. Mama mmoja wa Kibosho ana mabinti wawili sekondari, alitoa kichwa kwenye draya kabisa akasema huyo angekuwa mtoto wa jirani yangu ningemfuata kwao usiku huo huo. Alafu baadaye inajulikana kwamba Noah ndo aliyewapiga mkwara wavulana wote wa shule wasimsogelee Elle, mtoto wa watu anajiona hapendwi kumbe kuna mtu kaweka geti.

Hapo yule binti wangu anayejifunza akasema, tena kwa sauti tamu, "si anampenda ndo maana." Niliacha kusuka. Nikamwambia mvulana anayekuchagulia leo nani aongee na wewe, kesho ndo huyo huyo atakayekuuliza kwanini simu ina paswedi na kwanini umechelewa sokoni, na ngumi alizokuwa anapiga wengine sijui zitaelekea wapi wakibaki wawili ndani. Akacheka, akasema dada umezeeka. Tumebishana mpaka nywele zimeisha na hakukubali, mpaka leo anamwita Noah shemeji.

Na simlaumu aliyeitunga hadithi yenyewe, Beth Reekles wa kule Wales alianza kuiandika ana miaka 15 akawa anaiweka Wattpad, ule mtandao ambao watu wanaweka hadithi zao, ni ndoto za msichana wa umri huo na kila mtu ana zake, mi mwenyewe za kwangu za kidato cha tatu nashukuru hakuna aliyezipiga picha. Ila waliokuja na kamera na mahela walikuwa watu wazima, wangeweza kumuweka hata shangazi mmoja akamkalisha Elle chini. Mama yake ameshafariki, muvi nzima hakuna mwanamke mzima anayemwambia bwana we, hiyo tabia siyo.

Kingine, hadithi inasema wako Los Angeles lakini sehemu kubwa wamepiga Cape Town, hapo Afrika Kusini. Sasa kama Afrika inaweza kuigiza Marekani inashindwaje kuigiza Afrika? Watu wa Bongo muvi njooni Moshi, mlima uko hapo nyuma haulipishi kuwa kwenye picha, mvua ya masika mnaijua, stelingi na mwenzie wajibanze kwenye kibaraza cha duka la Mangi na sare zimelowa, na daladala za Pasua zinawarushia tope. Tutajua itaishaje na tutajaa.

Na huyo msomaji aliyesema anajua mwisho nina swali naye, je aliangalia mpaka ya tatu? Maana ya kwanza inaisha Noah anaenda zake chuo, Harvard, Elle kabaki na pikipiki, na hakuna ndoa. Ya pili ilitoka 2020, ya tatu 2021, na mle wateja wangu wote waliobashiri harusi waliliwa. Zote ninazo. Akitaka kuziona aje Majengo siku yoyote isipokuwa Jumamosi, ila aje nywele ameshaosha kwao, maji huku ni ya mgawo.

Msusi, Majengo
Moshi