Wasomaji wa bure wawe wa kulipia

Habari za jioni waandishi wenzangu. Kuhusu wale wanaosoma simulizi bure kisha wanapotea, wiki hii naomba tujaribu hivi.

Usidai hela sehemu ya kwanza. Gazeti la Marekani la New York Times walipoanza kutoza wasomaji mtandaoni mwaka 2011 waliacha makala 20 kwa mwezi bure, mwaka uliofuata wakashusha hadi 10. Walingoja mtu azoee kwanza. Kwetu sehemu tano za bure zinatosha, ila saa ya kutuma isibadilike. Ukisema saa mbili usiku, iwe saa mbili kweli.

Pa kukatia simulizi ndipo penye pesa: mke kashika simu ya mumewe, ujumbe unaingia, basi, unakata hapo. Namba ya M-Pesa na jina litakalotokea viwe hapo hapo chini, asianze kukuulizia inbox.

Aliyelipa msimtupe. Siku moja kabla ya wiki aliyolipia kuisha, mkumbushe kwa jina lake. Wale wa "nitalipa kesho" (mnawajua!) msigombane nao, wabaki tu kwenye grupu la bure.

Nani ana simulizi mpya tuanze nayo Jumatatu?