Kabla hedi haijafunguliwa, tupime nini?

Ndugu Mhariri,

Salamu kwako na kwa mafundi wote mnaosoma ukurasa huu. Nina gari dogo la milango mitano, injini ya petroli ya cc 1300, umri wake umeshapita miaka 20. Linachemsha. Mafundi wawili wamelitazama, kila mmoja ana lake, na hakuna hata mmoja kati yao aliyepima kitu. Naomba mnisaidie: ni vipimo gani vifanyike, na kipi kitangulie, ili tuujue ugonjwa kabla spana haijagusa bolti za hedi, yaani kile kichwa cha injini kinachofunika silinda kwa juu?

Dalili zenyewe ni hizi. Kwenye foleni gari halisumbui. Feni inawaka kwa wakati wake na geji ya joto inatulia. Barabara tambarare kwa mwendo wa wastani, hakuna neno. Shida inaanza kwenye mlima mrefu, au nikikimbiza gari kwa muda huku kiyoyozi kimewashwa. Geji inapanda polepole, nikipunguza mwendo inashuka. Maji ya rejeta yanapungua kidogo kidogo, lakini nikiegesha usiku kucha, asubuhi chini ni pakavu. Mara ya mwisho, geji ilipopanda, niliwasha hita ili iondoe joto kwenye injini, nayo ikapuliza hewa baridi. Muda mfupi baadaye sindano ya geji ikaanguka ghafla upande wa baridi. Nilisimama na kuzima injini papo hapo. Sensa ikikosa maji haisomi tena joto la injini, na sindano inaweza kukuonyesha usalama wakati hedi inaungua. Tangu hapo gari limepaki.

Fundi wa kwanza, kabla ya tukio hilo, alitoa thermostati, ile vali inayofungua na kufunga njia ya maji ya kwenda rejeta kufuata joto, akaitupa. Hoja yake ni kwamba ikiondoka maji yanapita bila kubanwa na injini inapoa vizuri zaidi. Nimesikia mafundi wengi wakisema hivyo, lakini mimi nina wasiwasi nalo. Thermostati nyingi hufunguka kati ya nyuzi 82 na 88, na kazi yake ni kuifikisha injini kwenye joto lake la kazi haraka na kuishikilia hapo. Ikitolewa, asubuhi injini inachelewa kupata joto, kompyuta inaendelea kumimina petroli kama injini bado ni baridi, na ulaji unapanda. Hayo niliyaona. Lakini kuna kubwa zaidi. Katika injini nyingine thermostati ina kisahani cha pili upande wa chini. Inapofunguka kuelekea rejeta, kisahani hicho kinaziba njia ya mkato inayorudisha maji moja kwa moja kwenye injini. Ukiitoa thermostati ya aina hiyo, njia ya mkato inabaki wazi muda wote, na sehemu ya maji ya moto inazunguka ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta kabisa. Kwa maana hiyo tiba yenyewe inaweza kuzidisha homa, hasa mlimani ambapo injini inazalisha joto jingi. Je, wenye uzoefu mmewahi kukutana na hali hii? Nitajuaje kama injini yangu ni ya mtindo huo, wakati thermostati ya zamani haipo tena ili niiangalie?

Fundi huyo huyo aliweka kifuniko kipya cha rejeta, chochote kilichoingia, bila kusoma namba ya shinikizo iliyoandikwa juu yake. Watu wanakidharau kifuniko hicho. Maji matupu katika hewa ya kawaida huchemka kwa nyuzi 100 ukiwa usawa wa bahari, lakini kifuniko kikishikilia shinikizo la baa 0.9 juu ya hapo, hayachemki mpaka yakaribie nyuzi 118. Ukichanganya na kulanti, ile dawa ya kupozea injini, kiwango kinapanda tena. Kifuniko chenye mpira uliokauka au springi dhaifu huachia mapema, maji yanatokea kwenye chupa ya akiba kama mvuke, na mwenye gari anabaki kutafuta uvujaji ambao hatauona kwa macho. Hiki nimeshaamua kukibadilisha kwanza, kwa namba ileile iliyo kwenye kitabu cha gari.

Fundi wa pili alifungua kifuniko cha oili, akaona utando mweupe mfano wa maziwa, akatamka pale pale: gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya hedi na bloku ya injini, imeungua. Inawezekana. Bloku ya chuma cha kalibu na hedi ya aluminiamu hazitanuki sawa, na injini ikichemka sana hedi inapinda, gasketi inapoteza mkazo. Lakini dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili, ni safi kabisa, oili ni ya rangi yake. Moshi mweupe hauonekani baada ya injini kupata joto, na injini haimisi, yaani haikatikikatiki, inapowashwa asubuhi. Ule utando ulikuwa chini ya kifuniko tu. Injini inayozunguka bila thermostati, tena kwa safari fupi, haipati joto la kukausha unyevu ndani yake, na unyevu huo huganda sehemu iliyo baridi kuliko zote, yaani hapo juu kwenye kifuniko. Sioni kwa nini ushahidi huo pekee utoshe kufungua hedi. Yeye anasema hedi ikishafunguka ni heri tutoe injini nzima, tufunge nyingine iliyotumika. Historia yake nani anaijua? Yangu naifahamu: haili oili, kompresheni, yaani mbano ndani ya silinda, ilikuwa nzuri ilipopimwa mara ya mwisho, gia zinaingia laini na bodi haina kutu. Shemeji yangu ananishauri niuze tu. Sitaki kuuza. Gari hili limetubeba vizuri, vipuri vyake bado vinapatikana, na sehemu nyingi mtu anaweza kuzifikia kwa mkono bila kuvua nusu ya gari.

Nilivyofikiria mimi, tuanze na mambo yasiyohitaji kufungua kitu. Kwanza mfumo ujazwe, utolewe hewa hita ikiwa wazi kabisa, kisha ubanwe kwa pampu ya mkono injini ikiwa baridi, tuone kama shinikizo linashuka na maji yanatokea wapi. Huenda ni kwenye tundu dogo la chini ya pampu ya maji, au ndani ya hita chini ya zulia. Halafu kile kipimo cha maji ya bluu kinachowekwa mdomoni mwa rejeta, ambacho hugeuka manjano kikikutana na gesi ya moshi wa injini. Kikigeuka, nitakubali habari ya gasketi bila ubishi. Kisipogeuka, je, kinatosha kuiondolea gasketi lawama, au kuna gasketi zinazovuja mlimani tu, injini ikiwa na mzigo, na zikajificha kwenye kipimo cha gereji? Hapa ndipo ninapohitaji sana msaada wenu. Je, kupima kompresheni ya silinda zote nne, nikitafuta mbili zinazopakana zenye namba ndogo, kutaongeza lolote?

Kuna na vitu viwili ambavyo hakuna fundi aliyevigusa. Kimoja ni mpira wa chini wa rejeta. Upande huo pampu inavuta, na mpira wa zamani uliolainika hufyonzwa ukabanana injini ikipandishwa mizunguko, kisha mizunguko ikishuka unakaa sawa kana kwamba hakuna kilichotokea. Cha pili ni rejeta yenyewe. Ni ile iliyokuja na gari, na mapezi yake yanasagika ukiyagusa kwa kidole. Kwa dalili zangu, yaani foleni salama na mlima shida, naishuku rejeta kuliko kitu kingine. Je, kuna faida kuisafisha kwa dawa, au kwa umri huu dawa itafungua matundu yaliyozibwa na uchafu na kunizidishia kazi?

La mwisho ni mkanda wa taiming, ule wa mpira unaofanya vali za injini zifunguke kwa wakati wake. Rekodi ya lini ulibadilishwa sina, na vitabu vya magari mengi huweka kati ya kilomita 60,000 na 100,000, pamoja na ukomo wa miaka kwa sababu mpira huzeeka hata gari likikaa. Katika injini yangu pampu ya maji inazungushwa na mkanda huo huo. Kama itabidi kufika kwenye pampu, nitabadilisha mkanda, pampu na roli zake kwa pamoja. Lakini je, nifanye hivyo sasa, au nisubiri majibu ya vipimo, maana hedi ikifunguliwa mkanda utatolewa tena? Na ikifikia hedi kufunguliwa kweli, nimdai fundi nini: apime mpindo kwa rula ya chuma na filageji, vile vibati vyembamba vya kupimia mwanya, mbele yangu? Bolti za hedi ziwe mpya? Hedi inaweza kusawazishwa mashineni mara ngapi kabla haijawa nyembamba kupita kiasi?

Nitashukuru mkijibu hata swali moja. Thermostati mpya na kifuniko nimeshaviagiza. Kazi nyingine zote nimezisimamisha mpaka nisikie kutoka kwenu.

Wenu,
Msomaji mwenye gari linalochemsha mlimani