Kabla ya nusu kaputi tutakuuliza umekula nini

Mwezi uliopita tulimrudisha nyumbani mtoto wa miaka sita aliyekuja kufanyiwa upasuaji wa ngiri. Mama yake ameturuhusu tusimulie. Mtoto alishavalishwa gauni, na alama ya kalamu ilishachorwa upande wenye ngiri. Mtaalamu wetu wa usingizi akachuchumaa mbele yake, akamuuliza taratibu, "Asubuhi umekula nini?" Akajibu kwa furaha, "Andazi. Kanipa bibi."

Bibi alimhurumia mjukuu wake, wala hatukumlaumu. Lakini upasuaji wa siku ile uliishia hapo.

Nusu kaputi hailazi akili peke yake. Hulegeza koo pia, na kuzima kile kikohozi kinachotuokoa tunapopaliwa. Chakula kikipanda kutoka tumboni wakati huo, kinaweza kuteremka mapafuni moja kwa moja.

Upande wa maji, hata hivyo, tulikosea sisi. Kwa miaka tuliwaambia wagonjwa wote maneno yale yale: "Usile wala usinywe chochote kuanzia saa sita usiku," hata yule wa kupasuliwa saa nane mchana. Watu walifika midomo imekauka, vichwa vinawauma, watoto wanalia kwa kiu, na mshipa wa kutundikia dripu hauonekani. Yalikuwa mazoea tu. Tangu mwaka 1986 madaktari wa Calgary, Kanada, walishawapa baadhi ya wagonjwa mililita 150 za maji, masaa mawili hadi matatu kabla ya upasuaji, kisha wakapima kilichobaki tumboni. Waliokunywa hawakukutwa na kingi kuliko waliofunga. Tafiti nyingine zikafuata, na miongozo ikabadilika.

Kwa hiyo kwetu sasa chakula chepesi kinakoma masaa sita kabla ya upasuaji; pilau, chipsi na nyama, masaa manane. Uji na chai ya maziwa ni chakula. Anayenyonya anaruhusiwa maziwa ya mama hadi masaa manne kabla. Maji matupu au chai ya rangi ni hadi masaa mawili kabla, na tafadhali kunywa, usije na kiu. Mjamzito, mwenye kisukari au mwenye kiungulia cha mara kwa mara atapewa maelekezo yake peke yake. Jioni ya kuamkia upasuaji nesi atakupigia akutajie saa zako. Kama mgonjwa ni mtoto, weka simu sauti ya juu, bibi naye asikie.

Ukifika utaulizwa jina, upande unaopasuliwa, dawa zinazokudhuru, na kama wewe au ndugu yako aliwahi kupata shida na dawa ya usingizi. Utaulizwa tena na mtu mwingine. Wengi huudhika: "Si nimeshamjibu mwenzako?" Tunarudia kwa makusudi. Orodha ya maswali ya Shirika la Afya Duniani ilijaribiwa katika hospitali nane za nchi mbalimbali, mojawapo ikiwa ya St. Francis, Ifakara, humu humu mkoani kwetu Morogoro. Matokeo yalichapishwa mwaka 2009: vifo vya waliopasuliwa katika hospitali hizo kwa jumla vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Kwa karatasi moja!

Orodha hiyo inataka pia kile kifaa kinachobana kidole kama kibanio cha nguo kiwe kinafanya kazi kabla hujalala. Kinapima oksijeni kwenye damu. Oksijeni ikipungua mlio wake unakuwa mzito, na mtaalamu anajua hata akiwa ameinamia dripu. Kwa hiyo futa rangi ya kucha. Mwenye piko vidoleni asihangaike, tutakibana sikioni.

Kuhusu maumivu ya baadaye: tunachoma ganzi kwenye kidonda kabla hujaamka, na parasetamo inaanza mapema. Hivyo dawa kali za jamii ya mofini, zinazoleta kichefuchefu, huhitajika kidogo. Maumivu yakianza, sema hapo hapo, usiyavumilie.

Mtoto wetu alirudi baada ya siku nane, kapangiwa saa mbili asubuhi, bibi kamshika mkono. Mtaalamu akachuchumaa tena, akauliza lile lile.

"Maji tu," akajibu. "Saa kumi na mbili. Bibi kaangalia saa."