YAH: Malalamiko ya kuuziwa mashine ya gemu ya toleo la zamani kwa jina la toleo jipya

Mbagala,
Dar es Salaam.
21 Novemba 2019

Meneja,
Huduma kwa Wateja,
Duka la Kariakoo,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Mimi ni mteja wenu wa Jumamosi ya tarehe 12 Oktoba 2019. Risiti ninayo: Nintendo Switch moja, rangi ya kijivu, shilingi 980,000, nililipa taslimu. Kazi yangu ni udereva wa malori, natoka Dar kwenda Lubumbashi kupitia Tunduma na Kasumbalesa. Nimeanza na kazi yangu kwa sababu bila hiyo mtajiuliza mtu mzima wa miaka thelathini na tatu anatafuta nini kwenye barua ndefu hivi kuhusu gemu. Foleni ya mpakani hukulaza siku mbili, wakati mwingine zaidi. Injini umeizima, utingo analala, mtandao unakuja na kuondoka. Wenzangu wengine wana bao, wengine wana mambo yao ambayo hapa si mahali pake. Mimi nina gemu.

Na ukiwa kwenye foleni, gemu ni chaji. Kunyonya umeme kwenye betri za gari nimekoma. Niliwahi kuamka Tunduma alfajiri, foleni inasogea, gari haliwaki, nikabusti kwa gari la jirani huku nyuma yangu wananipigia honi kama harusi. Tangu siku hiyo kila kitu ninachobeba nauliza kwanza: kinakaa na chaji kwa muda gani?

Ndiyo maana sikununua Switch ilipotoka Machi 2017. Toleo lile la kwanza mtengenezaji mwenyewe alitangaza kwamba linakaa saa 2.5 hadi 6.5 kutegemea gemu. Kwangu hazitoshi. Nikakaa, nikaweka posho kidogo kidogo. Mwezi Julai mwaka huu ikatangazwa kwamba mashine ile ile, jina lile lile, inafanyiwa marekebisho na sasa itakaa saa 4.5 hadi 9. Kwa gemu moja zito linalojulikana, Zelda: Breath of the Wild, walitoa hesabu kabisa: la kwanza takriban saa 3, jipya takriban saa 5.5. Nikasema hapo sawa. Agosti likaanza kuuzwa Marekani. Nikaipa mizigo muda ifike, Oktoba nikaja kwenu.

Kaunta nilimkuta kijana mmoja mchangamfu. Nilimuuliza, na maneno yangu nayakumbuka: "Hii ndiyo ile ya mwaka huu, inayokaa na chaji?" Akanijibu, "Ndiyo yenyewe braza, imeingia juzi tu. Chaji utaisahau." Boksi lilikuwa tayari ndani ya mfuko mweusi, limefungwa na selotepu. Nakiri kosa langu: sikulifungua pale pale. Nilikuwa na gari la kupakia Jumapili, na kijana aliongea kwa uhakika wa mtu anayejua anachouza.

Sasa njooni Kasumbalesa, wiki ya kwanza ya Novemba. Dereva mmoja wa Lubumbashi aliyekuwa mbele yangu kwenye foleni alikuwa na Switch kama yangu. Ukiziweka pamoja huwezi kuzitofautisha. Tukakubaliana kuzipima: zote asilimia mia, gemu hilo hilo la Zelda, mwanga wa kioo sawa, Wi-Fi imezimwa. Tulianza saa mbili usiku. Saa tano ilipokaribia yangu ikaonyesha alama nyekundu, na haikupita robo saa ikazima. Yeye anaendelea kupanda mlima. Nilikaa naye nikaangalia, nimemenya machungwa mawili, nikala, nikanawa. Saa saba na ushee ndipo yake ikakata. Akanipa pole kwa Kiswahili cha kwao: "Yako iko inakufa mbio, ndugu." Kisha akanionyesha alivyonunua yeye, na hapo ndipo nilipopata elimu ambayo ilikuwa kazi yenu kunipa.

Toleo jipya linajulikana kwa vitu vitatu, na vyote havihitaji fundi. Boksi lake upande wa mbele ni jekundu lote. Namba ya mashine inaanza na herufi XKW, na unaisoma bila kufungua boksi, kwenye kidirisha kilichokatwa chini. Na nyuma ya mashine pameandikwa HAC-001(-01), ambapo la zamani ni HAC-001 peke yake. Boksi langu si jekundu lote. Namba yangu inaanza na XAW. Nyuma ni HAC-001, basi. Sisi madereva tunaambiwa gari ni chesisi, rangi kila mtu anapaka. Nikacheka peke yangu kwa uchungu: miaka kumi na moja nakagua chesisi za watu, yangu imenipita.

Nilirudi Dar, na Jumatatu ya tarehe 18 nikaja dukani na mashine, boksi na risiti. Kijana yule yule: "Braza, Switch ni Switch." Nikaomba kuonana na wewe, ukaja, na nakushukuru kwa soda na kwa kunisikiliza. Lakini uliyoyasema ndiyo yaliyonifanya niandike.

Ulisema wa kulaumiwa ni kiwanda. Kwamba makampuni haya yana tabia mbaya ya kutoa toleo jingine katikati ya safari kabla la kwanza halijazeeka, mteja anaumia, na ninyi wafanyabiashara mnabaki na mzigo stoo. Halafu, pumzi hiyo hiyo, ukasema nikitaka la boksi jekundu niongeze laki mbili na nusu.

Ndugu Meneja, kama Switch ni Switch, hizo laki mbili na nusu ni za nini?

Na hilo la kulaumu kiwanda silikubali. Nawatetea kabisa wanaotengeneza toleo la katikati, na dereva yeyote atawatetea. Kilichobadilika ndani ya mashine hii ni kidogo na ni cha maana. Betri ni ile ile ya 4310 mAh. Hawakuiongeza hata kidogo. Walichobadilisha ni chipu: ya kwanza ilitengenezwa kwa nanomita 20, hii mpya ni nanomita 16, na kumbukumbu wameweka ya aina inayotumia umeme mdogo. Kwa lugha ya barabarani, tangi ni lile lile, ila injini mpya hainywi. Bei ya kiwandani kule Marekani imebaki dola 299.99, haikupanda hata senti. Gemu zote zinaingia kote kote, hakuna iliyofungiwa nje ya mashine ya zamani. Sasa mtu aliyenunua 2017 amepoteza nini? Amecheza miaka miwili na nusu. Mashine yake haikupunguzwa chochote siku hiyo jipya lilipotoka. Aliyepoteza ni mmoja tu: anayelipa leo bei ya jipya akapewa la zamani bila kuambiwa. Na huyo hakuumizwa na kiwanda.

Mambo ya matoleo ya katikati nayajua tangu utotoni. Mjomba wangu alikuwa Muscat, na Idi moja ya mwaka 1999 akatuletea Tanga Game Boy Color, mashine ya mkononi ya hao hao Nintendo, ile yenye rangi iliyotoka 1998. Jirani yetu alikuwa na Game Boy ya zamani, lile tofali la kijivu la mwaka 1989. Tulikuwa tunabadilishana kaseti. Nyeusi ziliingia kwenye mashine zote mbili. Lakini mjomba alikuwa ameleta na moja ya plastiki inayoona ndani, kama kioo. Jirani akaichomeka kwenye tofali lake, akasukuma swichi ya kuwasha, swichi haikwenda. Akasukuma kwa kidole gumba mpaka kikawa cheupe, haikwenda. Tukadhani tumeiua. Kumbe kaseti nyeusi zina pengo dogo pembeni ambamo kifundo cha swichi kinaingia, na zile za kioo hazina pengo. Kiwanda kiliziba makusudi, ili mtoto asihangaike kuwasha kitu kisichoweza kuchezeka. Yaani walijieleza hata kwa asiyejua kusoma. Rangi ya kaseti peke yake ilikuwa tangazo.

Si kwamba Nintendo wamepatia kila mara. Mwaka 2014 Japani walitoa New 3DS, toleo la katikati la mashine yao ya mkononi 3DS, na mwaka uliofuata Ulaya na Marekani, kisha gemu kubwa la Xenoblade Chronicles likatoka la mashine hiyo mpya peke yake. Hapo sikupenda, maana aliyenunua 3DS mwaka mmoja nyuma alifungiwa mlango. Na hilo jina nalo! Mashine inaitwa "New", ukienda dukani kuomba mpya unapewa isiyo New lakini mpya. Kwenye DSi, toleo la katikati la mashine yao ya DS, waliondoa tundu la kaseti za Game Boy Advance, mwenye kaseti zake akae nazo. Sony nao, kwenye PSP Go ya 2009, toleo la mashine yao ya mkononi PSP, waliondoa kabisa mlango wa diski, na mwenye rundo la diski akabaki anazitazama. Lakini hao hao Sony, PSP ya 2007 waliifanya nyembamba, nyepesi, wakaongeza kumbukumbu kutoka MB 32 hadi 64, na gemu za zamani zikaendelea kuingia. Hivyo ndivyo toleo la katikati linavyotakiwa kuwa: aliyetangulia hanyang'anywi, anayekuja sasa anapata kilichorekebishwa. Mngetaka kiwanda kikae miaka sita na kosa la chaji wanalojua dawa yake, ili tu stoo yenu isitingishike?

Mzigo uliobaki stoo naelewa ni mzigo. Mlilipia, mlilipa ushuru, mnalipa pango la Kariakoo ambalo si la mchezo. Wauza malori wana tatizo hilo hilo kila mwaka, na dawa yake wanaijua: hili ni la mwaka huu, lile ni la mwaka jana, bei zake hizi, chagua. Nitawaambia jambo ambalo pengine halinisaidii katika madai yangu. Kwa hesabu yenu wenyewe, toa laki mbili na nusu kwenye 980,000, mashine ya XAW thamani yake ni 730,000. Kwa bei hiyo, nikiwa nimeambiwa, huenda ningeichukua. Ningenunua na pawabenki, na leo nisingekuwa na ugomvi na mtu. Hamkunipa nafasi ya kuchagua.

Mwenzangu mmoja ameniuliza kwa nini nisichukue tu Switch Lite iliyotoka Septemba, ni rahisi na ndogo. Lite haiunganishwi na TV, na nikiwa nyumbani wanangu wawili wanacheza kwenye TV. Nalitaja hili mapema ili lisije kuwa pendekezo lenu.

Ninachoomba ni hiki. Mnibadilishie mashine hii kwa yenye namba ya XKW bila nyongeza ya hata shilingi, kwa sababu hiyo ndiyo niliyoiulizia na ndiyo niliyoilipia. Kama hamna tena, mnirudishie shilingi 250,000 nibaki na hii. Lolote kati ya hayo nitalipokea, na nitasaini kwamba tumemalizana. Pia, hili silidai ila nawaomba, pale kwenye shelfu mbandike karatasi: toleo la 2017 bei hii, toleo la 2019 bei hii. Juzi Jumatatu niliyaona maboksi ya aina zote mbili yamepangwa pamoja, yamechanganywa, na mbele yangu alisimama mama mmoja akimnunulia mwanawe aliyefaulu darasa la saba. Sikumwambia kitu kwa kuwaheshimu, na mpaka leo nafsi inanisuta.

Nawapa siku kumi na nne kuanzia tarehe ya barua hii. Zikipita kimya, nitapeleka risiti, picha za boksi na za namba ya mashine kwa Tume ya Ushindani, kwa kuwa Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mteja kuhusu bidhaa anayouziwa. Nisingependa tufike huko. Nina safari, na ninyi mna biashara ya Krismasi.

Nitakuwa Dar kuanzia tarehe 2 hadi tarehe 5 Desemba nikisubiri kupakia. Mashine ipo ndani ya boksi lake pamoja na chaja, waya wa TV na padi zote mbili. Kilichopungua ni ile nailoni ya juu ya kioo, niliibandua mwenyewe Chalinze usiku wa kwanza kwa furaha. Kumbukumbu nimeshaifuta, isipokuwa sehemu ya gemu ya mwanangu mdogo ambayo ameniomba niihamishe kwanza, kwa hiyo tukibadilishana mtanivumilia kama nusu saa pale kaunta.

Wenu,

Mteja wa risiti ya tarehe 12 Oktoba 2019
(namba ya simu mnayo nyuma ya risiti, aliiandika kijana wenu)