Kadi uliyoniachia

Ndugu yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Najua utashangaa kupata barua kutoka kwangu wakati tunachati karibu kila siku, lakini hili nimeshindwa kuliandika kwenye simu.

Unaikumbuka mechi yetu kwenye yale mashindano ya mwisho ya Yu-Gi-Oh!, mchezo wetu wa kadi? Ulikuwa umebakiwa na alama 1500 kati ya zile 8000 tunazoanza nazo. Nikashambulia. Mkono wako ukaenda kwenye kadi uliyoifunika mezani ili uifunue nikishambulia, nami nikakuwahi: "Umechelewa, nimeshakata alama." Ukanitazama kidogo, ukasema "haya", ukanipa mkono, ukakusanya kadi zako. Mimi nikasonga mbele.

Sikuwa nimekata alama yoyote. Nilikuwa nimeshika kalamu tu. Nilihisi kadi ile ingenimaliza, mdomo ukaitangulia dhamiri.

Jambo hili lilikuwa limelala hadi nilipoanza kutazama Chihayafuru, ile anime, yaani katuni ya Kijapani, ya mchezo wa kadi uitwao karuta. Kuna mashairi 100 ya kale, ila kadi zinazopangwa ni 50, kila mchezaji 25 upande wake, na mnapewa dakika 15 za kukariri kila moja ilipo. Msomaji akianza shairi, ukilitambua kwa silabi za mwanzo unaipiga kadi yake kabla ya mwenzako. Mikono miwili hufika karibu pamoja. Na mara nyingi hakuna mwamuzi wa kuwaamulia! Wachezaji wenyewe wanaulizana nani kagusa kwanza, wanakubaliana, mchezo unaendelea. Nilisimamisha video hapo nikakaa kimya muda mrefu. Yule anayetaka kukushinda ndiye huyo huyo unayemwachia aseme alichokiona. Wewe uliniachia. Mwamuzi alikuwa hatua chache tu, na hukumwita.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba hesabu naijua. Tulipoanza kucheza tulipenda sana shujaa wa anime ya Yu-Gi-Oh! anapovuta kadi ya mwisho na kumbe ndiyo ile aliyokuwa akiiomba. Mezani mambo si hivyo. Katika fungu la kadi 40, hata ukiweka nakala zote 3 za kadi moja, utaanza nayo mkononi kama mara moja tu katika mechi tatu. Wewe uliingoja zamu nne. Nilikuona ukiingoja, ukijilinda kwa kadi dhaifu, bila kulalamika, bila kupumua kwa kishindo kama nifanyavyo mimi mambo yakiwa magumu. Ilipokuja, ukaifunika taratibu. Uvumilivu ule wote nikaufuta kwa sentensi moja.

Nimemkumbuka pia Kazuki Takahashi, aliyeanza kuchora Yu-Gi-Oh!, hadithi ya katuni iliyozaa mchezo wetu, mwaka 1996. Alifariki baharini huko Okinawa Julai 2022, akiwa na miaka 60, na baadaye ikaelezwa kwamba aliingia majini kuwasaidia watu waliokuwa wakivutwa na mkondo. Mimi na wewe tumekariri kadi zake, majina ya majitu yake, hata namna wahusika wake wanavyonyoosha mkono kuvuta kadi. Marafiki wanaosimama nyuma ya mchezaji katika hadithi zake, wale niliwachukulia kama mapambo. Nilikuwa nikiruka maneno yao ili nifike kwenye pambano.

Naomba unisamehe. Sisemi nilipitiwa, kwa sababu sikupitiwa.

Ndani ya bahasha utakuta kadi niliyopewa kama zawadi siku ile. Ni yako, usinirudishie. Nyuma ya karatasi hii nimechora meza ilivyokuwa, kama ninavyoikumbuka, nirekebishe nilipokosea. Ukipata nafasi tukae tuipange upya kuanzia pale pale: wewe una alama 1500, mimi nimeshambulia, kadi yako imelala kifudifudi. Safari hii nitanyamaza, uifunue.

Ni mimi,
mwenzako wa mezani