Fidia ya waathirika wa Backpage

Mhariri,

Serikali ya Marekani ilipoifunga Backpage, tovuti ya matangazo iliyotumika kuuza ngono, mwezi Aprili 2018, na kampuni yenyewe ikakiri kosa la usafirishaji haramu wa binadamu huko Texas, wengi walitazama vifungo vya wakubwa tu. Kwangu mimi uzito uko kwenye mali zilizotaifishwa, kwa kuwa zilitokana na matangazo yaliyowauza wanawake na, inauma kusema, hata watoto. Sheria ya Marekani ya mwaka 2000 ya kuwalinda waathirika wa usafirishaji haramu inailazimu mahakama ya shirikisho kuamuru anayetiwa hatiani kwa kosa hilo awalipe fidia wale aliowanyonya. Nawasihi waendesha mashtaka wasimtendee mwathirika kama mhalifu, maana anayeogopa pingu hatathubutu kutoa ushahidi dhidi ya mwenye danguro.

Msomaji,
Columbus, Ohio